Kwa wanaoanza injini za modeli: usibanie nyonyo

Injini yangu ya kwanza ya ndege modeli niliiua mwenyewe, kwa ubahili. Nilinunua dumu la mafuta ya bei nafuu, oili asilimia 12 tu, yote ya kiwandani (sintetiki), nyonyo, yaani mafuta ya mbarika, hata tone hakuna. Nilifurahi kwamba hayachafui ndege. Siku ya tatu, tangi likikaribia kuisha, mlio ukapanda ghafla ukawa mwembamba kama wa mbu, kisha kimya. Kuifungua, pistoni imechanika mistari kutoka juu hadi chini.

Mlio ule ujue mapema. Maana yake hewa imezidi, mafuta yamepungua. Methanoli, alkoholi ambayo ndiyo mafuta yenyewe ya injini hizi, huipa injini nguvu, lakini pia huipoza, na oili huingia nayo humo humo. Ikipungua unakosa vyote kwa mpigo mmoja. Kwenye joto hilo oili nyingi za kiwandani huungua na kuacha chuma kikavu. Nyonyo ina tabia yake: ikizidiwa na moto huwa nzito, ikageuka utando unaong'ang'ania chuma. Utando huo ndio unaokupa muda wa kufungua sindano ya kabureta, mafuta yaongezeke, kabla injini haijanoki.

Kwa injini ndogo za pistoni ya chuma ndani ya silinda ya chuma, mimi sishuki chini ya asilimia 20 ya oili, na angalau nusu yake nyonyo. Ukichanganya mwenyewe bila nitromethani (kiongeza nguvu), hesabu ni nyepesi: mililita 800 za methanoli, 200 za nyonyo safi, si ile ya nywele iliyotiwa manukato. Fanyia nje, vaa glavu. Methanoli ni sumu, inapenya hata ngozini, na mwali wake mchana hauonekani. Injini ya petroli usiiguse kwa nyonyo hii. Haikubaliani na petroli, hujitenga, hasa kukiwa na baridi.

Kero zipo, sikufichi. Utando ule ule hujijenga rangi ya kahawia juu ya pistoni, na injini iliyolala kabatini miezi kadhaa utaikuta imeganda kama imetiwa gundi. Usikazane na propela. Ipulizie mashine ya kukaushia nywele dakika chache, itaachia yenyewe. Na kila jioni utafuta bawa zima kwa kitambaa na maji ya sabuni, maana linateleza kama sufuria ya chapati.