Tumbawe Langu Linakufa: Maswali na Majibu

Barua nyingi safari hii, kutoka kwa wanaofuga matumbawe kwenye matangi ya maji ya bahari nyumbani, zinauliza jambo lile lile: tumbawe lilikuwa limenawiri, sasa linadhoofika, nitie dawa gani? Wengi wenu hamhitaji dawa yoyote. Mnahitaji kupima maji, kisha kurekebisha polepole. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo muda ni mfupi na tumbawe bado linaweza kuokolewa.

Tumbawe langu aina ya Acropora limekuwa jeupe chini kwenye shina na weupe unapanda juu. Dukani waliniambia alkalini iko chini, nikatia unga wa kuipandisha. Tangu hapo hali imezidi kuwa mbaya. (Mbezi Beach, Dar es Salaam)

Uchunguze kwanza weupe huo kwa kioo cha kukuza, taa ya bluu ukiwa umeizima. Tumbawe lililopauka bado lina nyama: utaona polipu zake ndogo (vinywa vyenye vijikono) na ngozi nyembamba inayoonyesha mfupa. Kilichoondoka ni mwani mdogo mno unaoishi ndani ya nyama hiyo, ambao hulipa tumbawe rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Hilo liko hai, na likitulizwa linaweza kurudi katika wiki au miezi kadhaa. Ila wewe unaeleza weupe wenye mpaka mkali unaopanda kutoka shinani. Hapo nyama inachunika, na mfupa unaobaki wazi huota mwani wa kijani baada ya siku chache. Ikienda polepole huchukua wiki kadhaa. Ikienda mbio, tumbawe zima huisha kati ya asubuhi na usiku.

Ninaushuku ule unga. Alkalini ni uwezo wa maji kustahimili asidi, nayo hupimwa kwa kipimo kiitwacho dKH. Acropora huishi vizuri kwenye alkalini ya 7 dKH, na huishi vizuri kwenye 10. Kutoka 7 hadi 10 kwa usiku mmoja ndiko kunakoiua. Usipandishe zaidi ya 1 dKH kwa siku. Mimi hupendelea nusu ya hapo. Acha kutia chochote, pima asubuhi na jioni, na andika namba. Kalsiamu iwe kati ya 400 na 450 mg kwa lita, magnesiamu 1,250 hadi 1,350, joto nyuzi 25 au 26, na chumvi sehemu 35 kwa elfu. Kabla ya kuamini namba ya chumvi, sahihisha refraktomita, yaani kipimo cha chumvi, kwa maji maalumu ya 35. Watu huhangaika na tumbawe mwezi mzima kumbe kilichoharibika ni kipimo.

Kisha chukua koleo na ukate leo hii. Kata sentimita moja au mbili juu ya mpaka, ndani ya nyama nzima, ubandike vipande kwa supaglu ya jeli juu ya vijiwe na kuviweka mahali penye mkondo mzuri na mwanga wa wastani. Najua inauma kulikatakata tumbawe ulilolilea, lakini ukingojea uone kama litajiponya lenyewe, kesho huenda usiwe na cha kukata.

Shina ulilolikata usilitupe kabla ya kulikagua. Ukiona alama za mviringo za kung'atwa, au vishada vya mayai ya kahawia pale palipokufa, una minyoo bapa wanaokula Acropora. Kuogesha tumbawe kwenye dawa ya kuzamishia huwaua minyoo lakini hakuui mayai, kwa hiyo utarudia kila wiki kwa wiki kadhaa, huku ukikwangua mayai kwa mkono.

Tumbawe langu la torch lina vichwa vitano. Kimoja kimetoa ute wa kahawia unaonuka vibaya. Je, vingine vitapona? (Leeds, Uingereza)

Vitapona ukiwahi. Wafugaji huuita ugonjwa huu jeli ya kahawia, nao hupenda sana jamii ya Euphyllia, ambamo torch imo. Ndani ya ute huo mna nyama iliyooza, bakteria, na viumbe vya seli moja vinavyokula nyama inayooza na iliyo hai. Zima pampu zote kabla hujagusa kitu, kwa sababu mkondo ukiupeperusha ute utatua kwenye vichwa vinne vilivyobaki. Uvute wote kwa mrija mwembamba na umwage maji hayo nje.

Sasa litoe tumbawe. Torch ina bahati moja kubwa: kila kichwa kina shina lake la mfupa, kwa hiyo unaweza kukitenga kilichooza kwa msumeno mdogo bila kugusa nyama ya jirani yake. Vilivyobaki vizamishe kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe yenye iodini ya matumbawe, kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye chupa. Suuza kwenye ndoo ya pili, na maji ya ndoo zote mbili yasirudi tangini.

Halafu tafuta jeraha lilitoka wapi, maana ugonjwa huu mara nyingi huanzia palipojeruhiwa. Kama pampu inaielekea torch moja kwa moja, nyama husuguliwa kwenye kingo kali za mfupa wake hadi ikachanika. Mikono yake iwe inayumba taratibu, isilale upande mmoja. Angalia pia jirani: Galaxea, tumbawe jingine, hurusha mikono mirefu ya kuchoma usiku, wakati wewe umelala na hakuna wa kushuhudia.

Tumbawe langu la ngozi, Sarcophyton, limejifunga siku kadhaa na limefunikwa na utando kama nta. (Nairobi)

Linabadilisha ngozi. Liongezee mkondo kidogo ili utando udondoke, weka mkaa wa chujio, na uliache. Wiki moja ya kujifunga si ajabu, hata mbili.

Maji yangu ni safi kabisa: naitreti sufuri, fosfeti sufuri. Mbona kila kitu kinapauka? (Toronto, Kanada)

Kwa sababu umeyanyima matumbawe chakula. Sufuri ya naitreti na fosfeti inasifiwa mno, nami sikubaliani na sifa hizo. Mwani ulio ndani ya tumbawe unahitaji naitrojeni na fosforasi, na vikikosekana tumbawe hufifia, hasa chini ya taa kali za LED. Zaidi ya hayo, tangi lenye sufuri ndilo dinoflajelata, viumbe vya seli moja, hupenda kuliteka: ule utando wa kahawia wenye viputo vya hewa unaotanda mchangani na kwenye miamba. Lenga naitreti kati ya 2 na 10 mg kwa lita, na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Lishe samaki zaidi, ondoa tangini dawa ya kunyonya fosfeti, na punguza muda wa skima, ile mashine inayoondoa uchafu kwa povu. Na taa nazo zipunguze hadi rangi irudi.

Umeme unakatika na maji yanafika nyuzi 31. Nifanyeje? (Muscat, Oman)

Kinachoua haraka zaidi ni ukosefu wa oksijeni, kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Pampu ya hewa ya betri, inayowaka yenyewe umeme ukikatika, ni bei ndogo ukilinganisha na tangi zima. Feni ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi kadhaa, ingawa siku zenye unyevu mwingi hewani haifui dafu, na hapo utahitaji chila, mashine ya kupoza maji. Maji yanayopotea kwa feni yarudishe kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa, kwani chumvi haiondoki na mvuke. Wala usitupie barafu. Kushusha nyuzi tano kwa saa moja kunaliumiza tumbawe ambalo joto lilikuwa bado halijaliua.

Je, naweza kuteka maji ya bahari hapa Nyali, na kuokota kipande cha tumbawe kuziba pengo la lile lililokufa? (Mombasa)

Maji ndiyo, ukichagua. Teka mbali na mlango wa kijito chochote, maji yakiwa yamejaa, na kamwe si siku za masika ambapo mvua huteremsha matope na uchafu wa mji. Yachuje na upime chumvi kabla ya kuyatia.

Tumbawe hapana. Mbele yako ni Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa tangu 1986 na kusimamiwa na KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, na kuchukua tumbawe humo ni kosa. Matumbawe yote magumu pia yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata ya kununua kutoka nje yawe na kibali. Kwangu mimi sababu kubwa kuliko sheria ni mwaka 1998. Joto la bahari liliyapausha matumbawe ya pwani yetu, na mengi sana yakafa. Kilichosalia na kilichoota tena hakipaswi kung'olewa. Omba kipande kwa mfugaji mwenzako. Vipande vilivyokuzwa tangini tayari vimezoea maisha ya tangi.

Zoanthus zangu (jamaa wa matumbawe) zimeoza kwenye jiwe. Naweza kulichemsha ili niue kila kitu nianze upya? (Arusha)

Usilichemshe. Zoanthus na hasa jamaa zake Palythoa zinaweza kuwa na palitoksini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zinazopatikana baharini, nayo husafiri hewani pamoja na mvuke na matone madogo. Mwezi Machi 2018, katika kijiji cha Steventon, Oxfordshire, familia iliyokuwa inasafisha tangi lake iliishia hospitalini pamoja na baadhi ya waokoaji waliokuja kuwasaidia. Usilisugue kwa brashi likiwa kavu, wala usilimwagie maji ya moto. Vaa glavu na miwani, lifanyie kazi likiwa ndani ya maji, watoto wakiwa mbali, na usiguse kama una kidonda mkononi. Ukisikia ladha ya chuma mdomoni, homa, kikohozi au kifua kubana, toka nje na kila aliyemo ndani, nenda hospitali moja kwa moja, na umtajie daktari jina hilo la palitoksini.