Binti anapiga kinanda kwa sikio tu, apelekwe kwa mwalimu au aachwe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina binti wa miaka 12, kinanda kajifunza mwenyewe kanisani kwa kumwangalia mpigaji wetu na kwa video za YouTube. Akisikia wimbo mara mbili anaupiga, na besi ya mkono wa kushoto anaiweka bila kufundishwa na mtu. Ila kila kitu anapiga kwenye C, kwaya ikibadilisha ki (sauti ambayo wimbo umejengwa juu yake) yeye anabonyeza transpozi, kile kitufe kinachopandisha au kushusha sauti ya kinanda chote. Mwalimu wa kwaya anasema akasome rasmi, mjomba wake hataki, anasema darasa litaua kipaji, na wapo wakubwa duniani hawakujua nota hata moja. Nifanyeje? (Mama M., Morogoro)

JIBU: Marahaba mama M., na hongera kwa huyo binti, kuweka besi bila kuelekezwa sio jambo dogo, nina wanafunzi waliokaa darasani miaka mitatu minne bado besi inawasumbua.

Mpeleke. Tena usisubiri amalize la saba, mpeleke mwaka huu, ila mwalimu umchague vizuri, hilo nitalirudia chini.

Sababu yangu ya kwanza wala sio nota, ni mikono. Keti pembeni yake akiwa anapiga uangalie dole gumba. Waliojifunza wenyewe kwenye kinanda kidogo cha funguo 61 wengi gumba linaning'inia nje, kazi yote wanafanya vidole vitatu vya kati, kidole cha mwisho kimekakamaa juu. Sasa skeli ya C, yaani ile ngazi ya do mpaka do inayoanzia C, ina nota nane na mkono una vidole vitano, kwa hiyo mkono wa kulia unapiga cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu gumba linapita chini ya kidole cha tatu linashika F na mkono unaendelea mpaka kidole cha tano. Asiyejua hilo anaurusha mkono mzima, kwenye wimbo wa taratibu huwezi kusikia tofauti, ila ukichangamka sauti inakatika katikati na yeye hajui kwa nini, anadhani hajafanya mazoezi ya kutosha basi anazidi kurudia kosa lile lile kwa kasi. Na mazoea ya vidole yakishakaa miaka mitano kuyaondoa ni kazi kweli kweli, ndo maana nasema mwaka huu.

Halafu kuna uzito. Funguo za vinanda vingi vya kanisani ni nyepesi, piano yenyewe kila ufunguo unainua nyundo, mtoto akihamia pale anaanza kusukuma kwa nguvu za mkono badala ya kuachia uzito wa mkono ushuke. Akikwambia kiganja au mkono unauma baada ya kupiga, asimame hapo hapo, maumivu sio sehemu ya mazoezi hata kidogo.

Kuhusu transpozi, naomba usimgombeze. Irving Berlin, mtunzi mkubwa wa nyimbo kule New York, maisha yake yote alipiga karibu kila kitu kwenye F shapu, kwenye funguo nyeusi, na alikuwa na piano ya kuhamisha ki kwa wenzo. Ila kumbuka pia alikuwa analipa watu wa kumwandikia nota, yaani kusoma kulihitajika, kulifanywa na mtu mwingine. Binti yako akiitwa kesho sehemu kuna piano ya kawaida na muimbaji anataka Eb (E flati), kitufe hakipo.

Dawa yake si ngumu kwa mtoto aliyekulia kwenye kwaya, kwa sababu solfa anayo tayari. Mimi mtoto wa hivi akija namwambia azime transpozi, aniimbie do re mi fa so la ti do, halafu aanzie G badala ya C na atafute kwa sikio. Atafika kwenye ti, atabonyeza F, sikio litakataa, atahangaika kidogo halafu atagusa ufunguo mweusi wa F shapu na utaona uso unabadilika. Hapo nimemfundisha ki ya G bila kufungua kitabu, na siku nikimuonyesha ile shapu moja iliyoandikwa mwanzo wa mistari mitano anajua tayari inatoka wapi. Na funguo nyeusi asiziogope kabisa, Chopin, mtunzi mkubwa wa muziki wa piano, alipenda wanafunzi wake waanze na skeli ya B kwa sababu vidole virefu vya kati vinakaa vizuri juu ya zile nyeusi, C ambayo sisi tunaiona rahisi kwa mkono ni ngumu.

Sasa mjomba. Hajasema uongo, Erroll Garner wa Pittsburgh alikuwa mpiga piano wa jazi wa kiwango cha juu sana na hakuwahi kusoma nota. Ila mjomba ajue ile nyumba ilijaa muziki, kaka yake Linton naye alikuwa mpiga piano. Na Chopin huyo huyo mwalimu wake wa kwanza, Żywny, alikuwa mtu wa fidla, kwenye vidole hakuwa na mengi ya kumpa, alichompa ni Bach na Mozart, alimfungulia mlango wa muziki ambao mtoto asingeuokota mwenyewe mtaani. Hiyo ndo kazi ninayoitaka kwa mwalimu wa binti yako.

Kinachoua kipaji kipo, na ni yule mwalimu anayesema usiguse nyimbo za kanisani mpaka umalize kitabu hiki. Ukisikia hivyo mtoe, hata kama ana vyeti ukuta mzima. Muulize kabla hujalipa, siku ya kwanza utafanya naye nini? Akisema nitamsikiliza kwanza anachopiga, mpe mwezi mmoja uone.

Mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, isiwe haraka, lakini ujue inavyokaa: ule wa kawaida una alama 150, kupita ni 100, kusikia kuna 18 na kusoma nota papo hapo kuna 21. Binti yako kwenye 18 atafanya vizuri, kwenye 21 ataanguka, na akitaka gredi ya 6 kwenda juu kwa kawaida lazima awe na nadharia ya gredi ya 5 kwanza. Nimeona vijana wenye mikono ya gredi ya 7 wamekwama hapo mwaka mzima, wanalia. Kwa hiyo kusoma aanze kidogo kidogo sasa, dakika kumi kila siku, nyimbo rahisi kuliko uwezo wake, muda wote uliobaki apige anachopenda.

Na kanisani aendelee, asiache. Mwambie mwalimu wa kwaya ampe kila Jumapili wimbo mmoja tu wa kupiga bila transpozi, waanze na wa sadaka kwenye G, maana ule unarudiwa mpaka foleni iishe, atapata nafasi ya kukosea na kurekebisha.