Antigone na mjomba wake Creon: majibu ya maswali yenu

Maswali kuhusu tamthilia ya Antigone yamekuja mengi, nimechukua machache yanayogusana. Kwa ambaye hajaisoma, kisa ni hiki: katika mji wa Thebes ndugu wawili, Eteocles na Polynices, wamegombania ufalme mpaka wameuana, mmoja akiwa ndani anaulinda mji na mwingine akiwa nje na jeshi la Argos. Mjomba wao Creon anashika madaraka na anapiga marufuku: Eteocles azikwe kwa heshima zote, Polynices aachwe hapohapo aliwe na mbwa na ndege, na atakayemzika auawe. Dada yao Antigone anaenda kumzika. Sophocles, mwandishi wa tamthilia wa Kigiriki, aliiandika mnamo mwaka 441 KK, huko Athens.

Shikamoo. Kitabu kinaitwa Antigone ila mwalimu wetu anasisitiza mhusika wa tanzia (tamthilia ya maafa) ni Creon. Tushike lipi?

Marahaba. Mwalimu wenu ana hoja nzito. Antigone anatoka jukwaani tamthilia ikiwa imefika theluthi mbili hivi na harudi tena, hata maiti yake hailetwi, wakati Creon yupo mpaka mwisho na yeye ndo tunayemwona akivunjika mbele ya macho yetu. Afu Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyekuja kama miaka 100 baadaye, alisema mtu anayefaa kwa tanzia si mwema kupitiliza wala si muovu, ni mtu mwenye hadhi anayeanguka kwa kosa lake mwenyewe. Huyo ni Creon mtupu.

Watu wengi wanamsoma kama dikteta tangu ukurasa wa kwanza na hapo ndo wanapoikosa tamthilia yenyewe. Hebu soma hotuba yake ya kwanza vizuri: mji umetoka vitani asubuhi hiyohiyo, anasema kiongozi asiyefuata ushauri bora na anayefunga mdomo kwa woga ni kiongozi mbovu, na anayemweka rafiki mbele ya nchi yake hana maana. Nani atabisha? Demosthenes, msemaji maarufu wa Athens, aliagiza hotuba hiyo isomwe mahakamani mwaka 343 KK kumuumbua mpinzani wake, kwamba haya ndo maneno ya kuishi nayo mtumishi wa umma. Yaani Waathene waliosikiliza hawakuona maneno ya mtu mbaya, waliona maneno mazuri kabisa. Uchungu wa Creon uko hapo, anaanza akiwa na maneno sahihi na yeye mwenyewe ndo anayashindwa, hasa hilo la kufuata ushauri.

Lakini Polynices si alikuwa msaliti? Kwani kumnyima mazishi msaliti lilikuwa jambo geni kwa Wagiriki?

Halikuwa geni, na asante kwa kuuliza. Athens yenyewe ilikuwa na sheria kwamba msaliti asizikwe kwenye ardhi ya Attica, yaani nchi ya Athens. Ila hiyo inamaanisha ndugu wangeweza kumbeba wakamzike nje ya mipaka. Creon amevuka hapo: maiti ameiweka ndani ya nchi yake, ameiwekea walinzi, na ameizuia familia, ambayo kwa Wagiriki ndo ilikuwa na wajibu wa kumwosha na kumlilia marehemu, kazi iliyokuwa hasa ya wanawake wa nyumba. Kwa hiyo aliyezuiwa ni dada mtu kutekeleza wajibu wake, na aliyemzuia ni mjomba wake wa damu ambaye naye ni ndugu wa marehemu!

Kwenye mtihani tukiandika "kiburi ndicho kilichomwangusha Creon" tunapata maksi. Inatosha?

Maksi utapata, ila mi naona haitoshi. Angalia jinsi anavyowasikiliza watu. Mlinzi anakuja kumwambia maiti imefunikwa vumbi, maskini kura ya bahati nasibu ilimwangukia yeye kati ya wenzake na njiani alikuwa anasimamasimama akijishauri arudi au aendelee, Creon anamwambia umehongwa. Ismene, dada yake Antigone, analia ndani, Creon anasema na huyu yumo kwenye njama. Mwanawe Haemon anakuja, anaambiwa amekuwa mtumwa wa mwanamke. Mwaguzi kipofu Tiresias, ambaye Creon mwenyewe anakiri ushauri wake umekuwa ukimfaa, naye anaambiwa waaguzi wote ni watu wa pesa. Kila anayeleta habari mbaya ana lake jambo. Ukiishakuwa na jibu hilo hakuna ukweli unaoweza kukufikia tena, na kwangu mimi kosa lake ni hilo, kiburi ni mlango tu wa kuingilia.

Scene ya Haemon isomeni polepole tafadhali. Haemon ni mchumba wa Antigone, lakini haanzi kwa kupiga kelele, anaanza kwa adabu, baba mimi ni wako. Creon anafurahi, anatoa mawaidha marefu kuhusu utii. Ndipo kijana anamwambia kwamba watu wanamwogopa hata kumtazama, hivyo yeye ndo anasikia wanayonong'ona gizani, kwamba mji unamlilia huyu binti. Anamwambia miti inayoinama wakati wa mafuriko haipotezi matawi, inayokaza inang'oka na mizizi, na baharia asiyelegeza kamba ya tanga atamalizia safari chombo kikiwa juu chini. Creon anakuja juu, mtoto mdogo anifundishe akili? Mji si wa anayeutawala? Na Haemon anamjibu kwamba ungetawala vizuri sana peke yako, kwenye nchi isiyo na watu. Wanaachana hivyo, kijana anatoka akisema hutauona uso wangu tena.

Na dakika hiyohiyo wazee wa mji, ile korasi, wanamuuliza, kweli utawaua mabinti wote wawili? Anasema hapana, mmesema vizuri, yule ambaye hakushika chochote aachwe. Ismene anapona kwa swali moja tu. Kumbe kusikia anaweza! Mi hapo huwa naumia kila nikisoma.

Kwa nini asimuue tu kama alivyotangaza? Mbona pangoni?

Tangazo lilikuwa kupigwa mawe hadharani. Baadaye anabadilisha, anaamua afungiwe pangoni akiwa hai na chakula kidogo, ili mji usibebe unajisi wa damu yake. Yaani chakula kile kimewekwa ili mtu asiweze kusema Creon kaua. Anaijua dhambi kabisa, anaitafutia njia ya kuipita pembeni.

Creon si aliogopa mwishoni akabadilika? Mbona hakusaidika?

Swali zuri kuliko yote. Tiresias anamweleza madhabahu zimechafuka kwa nyama ya yule maiti, ndege wanararuana, sadaka haziwaki. Anapotukanwa anamtolea lililobaki: umemshikilia juu ya ardhi mtu wa chini, umemshusha chini mtu wa juu, na utalipa maiti kwa maiti, kutoka damu yako mwenyewe. Creon anatetemeka, anawauliza wazee nifanye nini. Wanamjibu kwa mpangilio: nenda kamtoe binti, afu umjengee kaburi yule aliyelala nje. Binti kwanza.

Sasa fuata mjumbe anavyosimulia. Walienda uwandani kwanza. Wakaomba miungu ya kuzimu, wakamwosha Polynices, yale yaliyobaki baada ya mbwa, wakakata matawi mabichi wakamchoma, wakalundika kaburi la udongo wa nyumbani, kazi yote ikafanyika kwa ukamilifu. Ndipo wakaelekea pangoni, na kwa mbali sauti ikasikika, na Creon akaitambua ni ya mwanawe. Antigone alikuwa amejinyonga kwa kitambaa chake. Haemon amemkumbatia kiunoni. Akamtemea baba yake mate usoni, akachomoa upanga akamkosa, akajichoma mwenyewe.

Sophocles haelezi kwa nini Creon aligeuza mpangilio. Mi nadhani ni kwa sababu aliogopa unajisi na laana kabla ya kumfikiria mtu aliye hai, alikimbilia kutuliza miungu, na aliye hai akasubiri. Sikio la kufa halisikii dawa, na hata liliposikia lilisikia nusu.

Antigone yeye hana kosa? Kila mtu anamsifia tu.

Niko upande wake, niseme wazi. Anaposema hakuzaliwa kushiriki chuki bali kushiriki upendo namwamini. Mlinzi anasimulia walivyoufagia ule mchanga wa mwanzo juu ya maiti, wakakaa kilimani harufu isiwafikie, mchana dhoruba ya vumbi ikapiga, ilipotulia wakamwona binti analia kama ndege aliyekuta kiota kitupu, kashika jagi la shaba, anamwaga tambiko mara tatu. Walipomkamata hakukimbia wala hakukana.

Ila mwone anavyomtendea Ismene. Ismene aliogopa mwanzoni kushiriki mazishi, kweli, lakini baadaye anakuja mwenyewe kutaka kufa naye na Antigone anamkataa kwa ukali, wewe ulichagua kuishi. Wengine wanasema alikuwa anamwokoa, inawezekana, ila maneno yalichoma. Ana ugumu uleule wa mjomba wake, tofauti ni kwamba yeye alijua bei tangu mwanzo.

Eurydice mke wa Creon mbona haongei kitu?

Anaongea kidogo tu, anamwomba mjumbe amweleze kilichotokea, akishasikia anaingia ndani bila neno. Wazee wanaogopa kimya kile, na kweli, anajiua kwenye madhabahu ya nyumbani akimlaani mumewe kwa ajili ya wanae wawili, maana mwanawe mwingine, Megareus, alishakufa kabla. Tunasimuliwa tu, kama kawaida ya tanzia za Kigiriki ambako vifo hutokea nje ya macho ya watazamaji.

Tuanze na ipi kati ya zile za familia ya Oedipus?

Oedipus ndo baba yake Antigone. Kihadithi Antigone ni ya mwisho lakini iliandikwa ya kwanza, Mfalme Oedipus ikaja miaka baadaye, na Oedipus huko Colonus ilichezwa mwaka 401 KK, Sophocles akiwa ameshafariki tangu 406. Hazikuandikwa kuchezwa pamoja, kwa hiyo huna haja ya kufuata mfululizo. Anza na Antigone, na Creon utakayemkuta kwenye zile nyingine usimchukulie kama mtu yuleyule, Sophocles alimchora upya kila mara.