Vipuri vya Kuongeza Nguvu ya Gari

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Naendesha Toyota Ist ya lita 1.3 baina ya Wete na Chake Chake. Muuza vipuri amenishauri ninunue chujio cha hewa cha mashindano na bomba pana la moshi. Je, nifuate?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykumu ssalamu, ndugu yetu. Usinunue. Injini yako haina tabo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, na kompyuta yake hupima hewa inayoingia na kugawa petroli kwa kiasi chake, hivyo chujio na bomba vikibadilishwa peke yao, nguvu huongezeka kidogo mno hata dereva asiihisi, ilhali kelele huzidi. Tena chujio cha kupakwa mafuta kikizidishiwa, mafuta hayo huweza kuchafua kihisio cha hewa, na gari ikapoteza hata nguvu iliyokuwa nayo. Gari yenye tabo ni habari nyingine: fundi mjuzi akirekebisha programu ya kompyuta, nguvu hupatikana kweli, ingawa klachi na giaboksi hubeba mzigo zaidi. Wewe zitie fedha hizo kwenye tairi nzuri na pedi za breki, kwa sababu wakati wa masika barabara huteleza. Mwambie fundi achunguze pia mabomba ya breki, kwani upepo wetu wa chumvi hula chuma.