MUULIZE FUNDI: Ekseli imegoma kutoka

SWALI: Shikamoo fundi. Nabeba samaki kutoka soko la Deep Sea, Tanga, kupeleka Muheza kwa pikipiki yenye breki za dramu. Nikipata pancha nalipia kufunguliwa gurudumu la nyuma, kisha nalipia kuzibiwa. Nataka niwe nafungua mwenyewe nyumbani. Juzi nimetoa nati, lakini ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, haitoki hata kwa nyundo. Nifanyeje? – Msomaji, Pongwe.

JIBU: Marahaba mwanangu. Ulipotaja samaki tu nikajua. Maji ya chumvi yanachuruzika kwenye tenga, yanaingia kwenye ekseli, kutu inaing'ang'aniza na bushi, vile vibomba vinavyovaa ekseli. Tandika nailoni nzito chini ya tenga.

Nyundo iweke kando kwanza, utaharibu meno ya ekseli. Rudishia nati mpaka ilingane na ncha ya ekseli, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili, acha yalale usiku kucha. Asubuhi gonga juu ya kipande cha mbao, taratibu. Ikianza kusogea, toa nati umalizie.

Pikipiki iwe kwenye stendi ya kati, na fito ya breki na mkono unaoshikilia sahani ya breki (kifuniko cha dramu) uwe umeshavifungua. Upande wa mnyororo ukiona nati ya pili, kubwa, iliyo ndani ya ile ya kwanza, usiiguse: hiyo inashikilia sproketi, gia ya mnyororo, gurudumu litatoka mnyororo ukabaki palepale. Kama haipo, legeza tensheni (vikazio vya mnyororo), sukuma gurudumu mbele, vua mnyororo. Bushi zipange juu ya kitambaa, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto. Mara nyingi hazilingani urefu. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo, lifute kwa kitambaa kibichi.

Kurudisha: sugua ekseli kwa msasa laini, paka grisi nyembamba, isifike kwenye dramu.

Sasa ule mkono wa sahani ya breki. Vijana wengi wanausahau kwa sababu gurudumu linazunguka vizuri tu bila huo. Subiri ukanyage breki ukiwa na mzigo: sahani inazunguka pamoja na gurudumu, inakunja fito, gurudumu linaweza kukwama hapohapo barabarani. Funga boliti yake, tia pini, kisha ushike kwa mkono uutikise.

Alama za tensheni zilingane kushoto na kulia. Mnyororo ucheze sentimita 2 hadi 3 katikati, ndipo ukaze nati ya ekseli. Rekebisha breki, sukuma pikipiki uani huku ukiikanyaga. Pini za zamani usizirudie. Mpya haizidi bei ya andazi.