Acha Simba, Anza na Marabu

Msomaji wa Kayole ameniandikia: "Dada, nataka kuchora wanyama pori kwa rangi za maji. Nianze na simba au tembo?" Swali limekuja wiki niliyouza mchoro wangu wa marabu kwa bei nisiyoitaja, maana mwenye nyumba wangu husoma haya.

Usianze na yeyote kati ya hao. Panda matatu, shuka karibu na Uwanja wa Nyayo hapa Nairobi, tazama juu ya miti. Marabu, yule korongo mwenye upara na mfuko wa waridi unaoning'inia shingoni, yule tunayemtukana kwa kula jalala, ndiye mwalimu wako. Hana kiingilio, na akisimama husimama kweli. Simba utamwona wapi? Kwenye simu. Na picha ya simu hugeuza kila kivuli kuwa cheusi, nawe utanakili weusi huo ukidhani ndio manyoya.

Nilichora marabu mpaka jirani akaanza kuniombea. Kwake ndiko nilikojifunza kwamba lile "goti" la ndege linalokunjika nyuma ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa juu, ndani ya manyoya. Miguu yake nayo si myeupe, ni kinyesi chake mwenyewe anachojipaka ili apoe. Ukishajua hivyo hupaki weupe pale: unaanza na kijivu, unaacha karatasi ichungulie.

Na hapo ndipo penye kazi. Katika rangi za maji, weupe ni karatasi. Tumbo la marabu usiliguse. Mgongo, changanya bluu ya ultramarini na kahawia nyekundu, lakini usikoroge mpaka zikalingana. Zikutane zikiwa mbichi kwenye karatasi, upande mmoja uvute bluu, mwingine kahawia. Kijivu cha kwenye chupa hakina uhai. Mfuko wa shingo, lowesha kwanza kwa maji matupu, gusa wekundu kidogo, kisha ondoa mkono. Ondoa mkono! Wengi huharibu hapo, kwa kurudi kurekebisha. Pia weka rangi nzito kidogo kuliko unavyotaka, kwa kuwa ikikauka hupauka.

Karatasi iwe ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ni ghali, najua. Nunua moja kubwa uikate vipande, kuliko daftari zima la karatasi nyepesi inayojikunja ikionja maji.

Kuna galari moja hapa mjini ambayo mwenyewe alipekua kazi zangu upesi upesi, akauliza simba wako wapi, akaniambia rangi za maji ni za watoto wa shule, wateja wanataka mafuta na akriliki. Nilishuka ngazi nikiwa nimekumbatia bahasha. Mnunuzi wa marabu wangu ni mteja wake wa miaka mingi. Sisemi zaidi.

Vijana wenzangu, tuna hifadhi ya taifa inayopakana na jiji, tangu 1946, halafu mtu anajifunza twiga kutoka video za ng'ambo! Twiga wa pale Nairobi ni wa Kimaasai, mabaka yake yamechanika kingo kama majani. Wale wenye mabaka yaliyonyooka kama wavu ni wa kaskazini. Ukichora wavu ukaandika chini "Hifadhi ya Nairobi", mtu wa Isiolo atakucheka, na atakuwa na haki. Tazama kwanza. Nimeshasema, narudia: tazama.

Tembo kama ni lazima, hifadhi hiyo haina wa porini. Nenda Makumbusho ya Taifa, kwenye sanamu ya Ahmed, yule tembo wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta na kufa 1974. Beba penseli tu. Rangi ziache nyumbani mpaka uweze kuonyesha, bila kutazama, goti la mguu wa nyuma liko wapi. Liko chini kuliko unavyodhani.