Usifungue Chupa ya Tindikali Kabla Maji Hayajawa Tayari

Wiki hii nimepata ujumbe wa mwalimu wa kemia wa shule moja ya kata wilayani Kasulu. Chupa ya lita 2.5 ya tindikali ya salfuriki imefika, mtaalamu wa maabara hawana, mtihani wa vitendo wa kidato cha nne unakaribia. Anauliza aanzie wapi. Mwalimu, anzia kwenye maji. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua kuanzia Uvinza mpaka Sikonge wapo wengi wenye chupa kama hiyo na swali kama hilo.

Kabla hujagusa kifuniko, jaza ndoo mbili za lita 20 zenye koki, uzipandishe juu ya meza hatua chache tu kutoka unapofanyia kazi. Ndoo moja haitoshi. Jicho lililoingiwa na tindikali linataka maji yanayotiririka kama lita 1.5 kwa dakika, kwa dakika 15 hadi 20, na ndoo moja itakauka kabla ya muda huo. Hata kama shule ina bomba, lifungue kwanza uone yanatoka, na ndoo zibaki palepale. Kwa kujisafisha, maji yoyote safi yanafaa, yawe ya kisima, ya mvua au ya Ziwa Tanganyika.

Sasa chupa yenyewe. Tindikali hiyo ni ya asilimia 98, nzito kama mafuta, na kila mililita ina uzito wa gramu 1.84. Chupa iliyojaa ina kilo 4.6 za tindikali peke yake, bado kioo. Usiibebe kwa kuishika shingo. Itie ndani ya ndoo ya plastiki, ubebe ndoo.

Uzito huo ndio unaoeleza kwa nini tunasema tindikali iende kwenye maji, kamwe maji yasiende kwenye tindikali. Maji ni mepesi, gramu 1 kwa mililita. Ukiyamimina juu ya tindikali yanaelea, na pale yanapokutana joto kali linazaliwa papo hapo kwenye tabaka jembamba. Maji yanachemka ghafla, yanaruka, na yanaruka pamoja na tindikali kuelekea usoni pa aliyeinama kutazama. Ukigeuza, tindikali inazama ndani ya maji mengi, na maji hayo yanalimeza joto. Mwanafunzi akikariri kanuni bila kuijua sababu, siku ya haraka ataigeuza.

Kwa kidato cha nne mara nyingi unahitaji 0.05 M, yaani moli 0.05 za tindikali kwa kila lita ya myeyusho. Watu wengi hupima mililita 2.7 za tindikali kolezi, ile ya chupani isiyotiwa maji, kwa kila lita, na hapo wanakosea mara mbili: silinda ya kupimia haiwezi kusoma 2.7 kwa usahihi, na chupa ya hatari inafunguliwa kila darasa linapoingia. Tengeneza akiba ya 1 M mara moja tu. Tia maji kama mililita 700 kwenye bika la kioo kinachostahimili joto, uliweke bika ndani ya beseni lenye maji baridi. Pima mililita 54 za tindikali kwenye silinda kavu. Mimina kidogo kidogo ukipitisha ubavuni mwa bika, huku ukikoroga kwa kijiti cha kioo, ukisimama kila bika linapopata moto. Hata ukifuata yote haya joto litapanda nyuzi 20 au zaidi, kwa hiyo usifanyie kazi hii kwenye chupa ya plastiki ya maji ya dukani, wala moja kwa moja kwenye chupa ya ujazo. Subiri ipoe kabisa, ndipo uhamishie kwenye chupa ya ujazo na kujazia hadi mstari wa lita moja. Ukijaza ingali ya moto, ikipoa inashuka chini ya mstari na myeyusho wako unakuwa mkali kuliko ulioandika kwenye lebo.

Kutoka hapo, mililita 250 za akiba zikijazwa maji hadi lita 5 zinakupa 0.05 M ya kutosha darasa zima, na hakuna mwanafunzi aliyeiona chupa kubwa. Tumia maji yaliyotoneshwa, au ya mvua safi kama hakuna. Maji ya kisima mara nyingi yana kaboneti, nazo zinakula tindikali. Kisha hakiki: yeyusha gramu 5.3 za kaboneti ya sodiamu isiyo na maji hadi lita moja, chukua mililita 25, weka matone mawili ya methili oranji, kiashiria cha rangi, kisha dondoshea tindikali yako ya 0.05 M kutoka kwenye bureti, mrija wenye vipimo na koki, mpaka rangi ibadilike. Hiyo ndiyo titresheni. Tindikali yako ikiwa sawa, bureti itasoma karibu na 25. Ikisoma 27, tindikali ni hafifu, na mara nyingi sababu ni chupa iliyoachwa wazi ikanyonya unyevu wa masika.

Glavu nyembamba za zahanati hazikulindi na tindikali ya asilimia 98. Tafuta glavu nene za mpira, na zikidondokewa zivue mara moja. Miwani ya kinga si hiari. Ndala zibaki nje. Wasichana wenye mitandio waichomeke ndani ya koti. Kuvuta pipeti, mrija wa kupimia kimiminika, kwa mdomo kukome, na kisingizio cha kukosa vifaa hakipo: bomba la sindano la mililita 20 bila sindano, na kipande cha mpira wa kuliunganisha na pipeti, vinamaliza kazi.

Kuna sehemu ambapo mwanafunzi hawezi kukwepa tindikali kolezi, mojawapo ni jaribio la pete ya kahawia, la kutambua naitreti. Hapo usiwape chupa. Pita mwenyewe meza kwa meza, testityubu iwe imepoa na imeinamishwa, mdomo wake ukitazama ukuta, umimine mililita 1 au 2 zikitambaa ubavuni. Wasitikise. Anayetikisa hapati pete, na anaweza kupata vidonda. Kwenye meza hizo pamanganeti ya potasiamu isiwepo kabisa, wala kloreti yoyote. Tindikali kolezi ikikutana na kimojawapo hutokea vitu vinavyolipuka. Hata stoo zisikae rafu moja. Tindikali ikae chini, usawa wa sakafu, ndani ya beseni linaloweza kubeba ujazo wote chupa ikipasuka, mbali na spiriti. Mbali na amonia pia, ambayo kwa joto la Tabora mwezi wa Oktoba hujaza gesi ndani ya chupa. Hiyo ipozwe kwenye maji kabla ya kufunguliwa, na ifunguliwe taratibu.

Ikimrukia mtu, vua nguo iliyolowa huku maji yakitiririka. Dakika 20 kamili, hata akisema maumivu yameisha. Jicho lishikiliwe wazi kwa vidole na maji yatoke upande wa pua kwenda nje, yasihamie jicho la pili. Usipake dawa ya meno, maziwa, mafuta wala magadi. Magadi juu ya ngozi yenye tindikali yanaongeza joto kwenye jeraha. Aliyemeza asitapishwe. Nasisitiza hili kwa walimu wa Tabora na Kigoma mjini, kwa kuwa hospitali za Kitete na Maweni ziko karibu na mtu hushawishika kukimbilia bodaboda: osha kwanza, ndipo umpeleke. Tindikali haisubiri foleni.

Ikimwagika sakafuni, maji hayaendi kwanza. Izungushie mchanga mkavu, kisha nyunyiza bikaboneti ya sodiamu kuanzia pembeni kuelekea katikati, taratibu, mpaka iache kutoa povu. Mililita 100 za tindikali kolezi zinataka zaidi ya gramu 300, kwa hiyo weka kilo mbili stoo. Ukikosa, magadi ya sokoni yaliyosagwa yanafaa. Maranda ya mbao, matambara na karatasi usitumie, yanaungua na kuwa meusi huku yakitoa joto. Povu likiisha, sasa maji mengi.

Shule nyingine hununua tindikali ya betri kwenye maduka ya vipuri. Ina uzito wa takribani gramu 1.28 kwa mililita, sawa na 4.8 M hivi, na kwa titresheni inawezekana: mililita 208 kwa lita moja ya 1 M, halafu uihakiki. Pete ya kahawia haitoki kwayo. Kinachoniumiza ni vyombo inavyouzwa. Inapimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina rangi, na ikifika shuleni inakaa mezani kando ya chupa ya maji ya mwalimu. Mtoto mwenye kiu hatanusa kwanza. Nenda na chombo chako chenye maandishi makubwa, na muuzaji akikataa, ondoka.

Chupa kubwa ikiisha, watu watakuja kuiomba, huyu ya asali, yule ya mawese. Usimpe mtu. Mabaki ya chini yamiminie kwenye ndoo ya maji, kisha uiinamishe chupa yenyewe izame ndani ya maji mengi kwa mara moja, maana kuitilia maji kidogo ni kuweka maji juu ya tindikali. Suuza mara tatu, maji hayo yote yatie magadi hadi povu liishe kabla ya kuyamwaga, bandua lebo, toboa kifuniko, halafu chupa iende kwenye shimo la vioo.